Nyimbo Arobaini na Moja

Ndunge hakupenda kuulizwa kama anajua kompyuta. Miaka kumi na tisa alipiga chapa barua za wakubwa katika ofisi moja ya mjini, na siku walipompunguza kazi alitoka na kompyuta ya mezani, printa, na imani kwamba hakuna kitu chenye skrini kitakachomshinda. Akafungua kibanda katika soko la mtaa wa Jericho, Nairobi. Alipiga chapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi, na programu za mazishi zenye picha ya marehemu akitabasamu. Watu walimwita Madam, naye hakuwahi kuwakataza.

Ndiyo maana jirani yake wa nyumbani, Khavere, alipokuja Jumatatu moja asubuhi, simu mkononi, akauliza kwa upole, "Mama Kyule, hii utaiweza kweli?", Ndunge alicheka kwa pua.

"Mama Vivian, leta hapa. Wewe kaa kwa benchi."

Khavere alikuwa muuza nguo za watoto katika soko la mitumba la Gikomba, lakini hiyo ilikuwa kazi ya tumbo tu. Kazi yake hasa ilikuwa kutunga nyimbo za kwaya. Nota hakuzijua hata moja. Wimbo ulimjia akiosha vyombo, naye akafuta mikono kwa leso, akawasha simu na kuimba sauti ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, na mwisho ile besi ya wanaume aliyoitoa chini kooni mpaka wajukuu wakaanguka kwa kicheko. Zote nne ziliingia katika rekodi moja, zimefuatana. Siku ya mazoezi aliicheza simu mbele ya kwaya, kila kundi likashika sauti yake. Na mwenyewe alisema kwamba akishauweka wimbo ndani ya simu, unamtoka kichwani wote, ndipo mwingine upate mahali pa kukaa.

Kisha uvimbe ukamwota shingoni. Daktari alimwonya mapema kwamba ukitolewa, huenda sauti isirudi kama ilivyokuwa. Uvimbe ukatoka, Khavere akapona, na sauti haikurudi. Alibaki na mkwaruzo fulani, wa kuuzia nguo na kuitia watoto chakula, lakini wa kuimba hapana. Ndani ya simu zilikuwemo nyimbo arobaini na moja ambazo kwaya haikuwa imejifunza bado. Hiyo ndiyo sauti pekee aliyobaki nayo duniani. Na sasa simu ilikuwa imejaa na kuzeeka, kila akifungua wimbo inazima katikati.

Bintiye Vivian, anayeishi mtaa wa Fedha, alikuwa amempa ushauri mzuri: kuna programu ya kuunganisha simu na kompyuta, itazihamisha nyimbo zote salama. Vivian mwenyewe hakuwa na kompyuta. Aliiweka ile programu upande wa simu, akamwambia mama atafute mtu wa kuiweka upande wa pili. Vivian huyo huyo ndiye aliyekuwa ameibadilisha simu ya mama yake isome Kiswahili, kwa sababu Kiingereza kilimpita Khavere darasani, lakini Kiswahili alikisoma vizuri, kwa miwani na bila haraka, kama asomavyo kitabu cha nyimbo kanisani.

Ndunge aliiona simu inayosema "Mipangilio" na "Ghairi", akatikisa kichwa. Nani Nairobi hii hutumia simu ya Kiswahili?

Siku ya kwanza programu ilikataa kuingia. Ukiibonyeza, kidirisha kinachungulia skrini na kutoweka. Ndunge alizima kompyuta akaiwasha, akazima kinga ya virusi, akajaribu tena. Kikachungulia, kikatoweka. Alasiri kikakaa muda wa kutosha kumwambia kwamba kompyuta yake ni ya zamani mno. Tusi hilo lilimwingia kama yeye ndiye aliyeambiwa mzee. Akatafuta toleo la zamani la programu ile ile, akalipata, likamwambia hakuna nafasi. Basi akaanza kufuta programu za mazishi, marehemu mmoja baada ya mwingine, miaka mitatu ya tabasamu, hadi nafasi ikapatikana.

Siku ya pili programu iliingia lakini ikakataa kufunguka. Ilidai kipande kingine kwanza. Akakitafuta kipande, akakiweka, nayo ikafunguka nyeupe kama karatasi na kusema haioni simu yoyote.

"Inakosaje kuiona simu na imekaa hapo mezani?" Ndunge aliifokea.

Akaenda kibanda cha tatu kutoka chake, kwa Abdiqani, muuza chaja na vifaa vya simu. Abdiqani akaushika waya wa Ndunge, akautazama, akamrudishia. "Mama, hii waya ni ya kuchaji peke yake. Haipitishi kitu. Chukua hii yangu, utarudisha."

Jumatano, karibu saa nne asubuhi, kompyuta iliiona simu. Ndunge alipiga makofi peke yake. Nje, kwenye benchi, Khavere alikuwa amemwachia mwenzake kibanda cha Gikomba ili awepo siku nyimbo zake zikihama. Alikuwa akichambua majani ya kunde ndani ya beseni. Kati ya kiti cha Ndunge na benchi lile hapakuwa na hatua tatu.

Simu ikauliza swali. Ilisema: *Chagua chanzo.* Chini yake palikuwa na vitufe viwili, *Simu* na *Kompyuta*.

Ndunge alizaliwa Machakos. Kikamba kilikuwa cha nyumbani, Kiingereza cha shule na ofisi, na Kiswahili cha kununulia nyanya. Neno chanzo alilijua kutoka taarifa ya habari: chanzo cha moto, chanzo cha ajali, polisi wanachunguza chanzo. Kwa hivyo alielewa kwamba simu inataka kujua taabu hii ya siku tatu imeletwa na nani. Jambo hilo hakuhitaji kulifikiria. Aliikazia macho ile kompyuta iliyomtesa tangu Jumatatu na kubonyeza *Kompyuta* kwa kidole cha hasira, kama mtu anayemtaja mwizi mbele ya chifu.

Hata hivyo ilikuwepo nukta moja, kabla ya kubonyeza, ambapo kidole kilisita. Sauti ndogo ilimwambia, muulize Mama Vivian, huyo anasoma Kiswahili cha simu kila siku. Lakini yeye alikuwa Madam. Alikuwa amekwisha kumwambia mwanamke huyu akae kwa benchi. Sasa asimame mlangoni amuulize muuza mitumba maana ya neno?

Simu ikauliza tena: *Sawazisha?* Hilo nalo likamfurahisha. Kusawazisha ni kufanya mambo yawe sawa, na hicho ndicho alichokuwa akikitafuta siku tatu. Akabonyeza *Ndiyo*.

Wewe msomaji huenda umeshaliona shimo. Simu haikuwa ikimtafuta mchawi. Iliuliza vitu vitoke upande gani viende upande gani, na Ndunge akaiambia vitoke kwenye kompyuta, ambako hapakuwa na kitu. Kisha akaiamuru ifanye pande mbili zilingane. Ikatii. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Simu ikaandika kwamba vipengee 41 vimeondolewa, pamoja na maelezo mengine marefu ya herufi ndogo, na Ndunge akatabasamu, maana alijua aliyeondoka hapa hufika pale. Akabonyeza *Funga*.

Akafungua folda ya kompyuta. Ilikuwa tupu. Akafungua simu. Ilikuwa tupu vilevile, zimelingana kabisa.

"Imekubali?" Khavere aliuliza kutoka nje, kwa ule mkwaruzo wake.

Hapo palikuwa na maneno mawili tu ya kusema, *nimekosea* na *samahani*. Ndunge alikuwa mwanamke mwema. Alimpikia Khavere uji wiki nzima alipotoka hospitalini, na alimlea Vivian kama wake. Lakini alifungua mdomo na maneno yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Mama Vivian, hii simu yako ilikuwa imeharibika kitambo. Hizo nyimbo zilikuwa zimeshaenda hata kabla sijaishika."

Khavere akaja mlangoni na kunde mkononi. "Zimeenda wapi? Si leo asubuhi nimesikiliza moja?"

"Sijui. Labda ulibonyeza kitu."

Aliposema hivyo, hata yeye mwenyewe aliona haya. Lakini neno likitoka kinywani halirudi, na la pili huja kulilinda la kwanza. Akaongeza, "Hizi simu za siku hizi, mtu akigusa vibaya tu, basi."

Khavere alivitazama vidole vyake. Vilikuwa na rangi ya kunde na nyufa za maji baridi. "Labda ni mimi," akasema. "Hivi vidole vyangu haviko sawa." Akaketi kwenye benchi kwa muda, akimeza mate kwa taabu kama alivyofanya tangu operesheni. Hakulia. Kisha akainuka, akagawa zile kunde mara mbili, akamwachia Ndunge fungu moja. "Nimekusumbua siku tatu nzima, Mama Kyule. Asante kwa kujaribu. Mungu akubariki."

Kunde zile Ndunge alizipika, na hakuna aliyezila. Zilikaa kwenye sufuria hadi kesho yake zikamwagwa.

Alijiambia atasema Jumapili. Jumapili ikapita. Akajiambia atangoja Khavere asahau kidogo, ndipo amwambie kwa utaratibu. Aibu ikikaa hukomaa, na kila siku iliyopita ilifanya neno *samahani* liwe zito zaidi kulibeba. Walikutana bombani, wakasalimiana. Khavere hata akamuuliza hali ya mgongo wake. Ndunge akajibu kwamba mgongo u salama, na akarudi ndani akiwa na hasira na bomba, ndoo, na dunia nzima.

Wiki ya tatu akaja kibandani Triza, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya Khavere. Alikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu.

"Madam, nipigie chapa hii. Ni ya Mama Vivian. Ameacha kufundisha kwaya."

Ndunge aliipokea. Mwandiko wa Khavere ulikuwa wa duara, wa mtoto mwangalifu. Barua ilisema kwamba anaomba kujiuzulu ualimu wa kwaya kwa kuwa hana sauti tena ya kuwafundisha, na nyimbo alizokuwa amewaandalia zimepotea *kwa uzembe wangu mwenyewe*.

"Alisimama mbele yetu Jumamosi," Triza akasema. "Akatuomba msamaha, eti ni vidole vyake. Tukamwambia mama, usijali, utatunga zingine. Akasema atatunga aimbe kwa sauti gani? Wacha tu. Watu wote walilia."

Ndunge alipiga chapa barua ile. Alinyoosha pembezoni, akaweka tarehe mahali pake, akasahihisha herufi mbili. Alipofika kwenye *uzembe wangu mwenyewe* vidole vilisimama. Kisha vikaendelea. Mficha uchi hazai, wazee husema, naye alilijua hilo akiwa hapo anapiga chapa, na bado akabonyeza kitufe cha kuchapa na barua ikatoka ingali na joto.

Hakumtoza Triza kitu. Triza akamshukuru kwa moyo wake mzuri.

Siku ya thelathini na saba, Ijumaa, Abdiqani alipita akitoka kuswali kuulizia waya wake. Ndunge alikuwa ameusahau, bado umening'inia nyuma ya kompyuta. Alipokuwa akiuchomoa, Abdiqani akaona alama ya ile programu kwenye skrini.

"Hii ilikubali mwishowe?"

"Ilikubali," Ndunge akasema. Kisha, bila kumtazama: "Lakini kuna mteja mmoja alifanya makosa nayo. Iliuliza chanzo, akasema kompyuta. Vitu vyote vya simu vikapotea."

Abdiqani akacheka. "Chanzo? Si ni mahali vitu vinatoka? Huyo alisema vitoke kwa kompyuta tupu. Maskini." Kisha akatikisa mkono kama mtu anayefukuza nzi. "Hiyo si shida lakini. Hii programu haitupi kitu mara moja. Inaweka kwa pipa, hapa kwa kompyuta. Unafungua pipa, unarudisha. Dakika mbili."

Ndunge aligeuka kwenye kiti. "Pipa gani?"

"Iko hapo kando. Inakuwa imekuambia, chini, kwa maandishi madogo. Inaweka siku thelathini."

Ndunge alihesabu kwa vidole chini ya meza, kwa Kikamba, akitumaini kwamba kwa lugha ya mama hesabu ingetoka tofauti. Haikutoka tofauti.

"Alifanya lini huyo mteja?" Abdiqani akauliza.

"Wiki tano na siku mbili."

"Aa." Abdiqani aliacha kucheka. Akainama, akashika kipanya, akabonyeza mahali pamoja na pengine. Pipa likafunguka. Liliandika kwamba ni tupu, na kwamba vipengee 41 vilifutwa kabisa Ijumaa iliyopita. "Walahi, mama, angekuja hata Ijumaa iliyopita asubuhi. Mbona hakusema?"

Ndunge alimnyoshea waya. Abdiqani aliukunja waya wake taratibu, akamtazama kwa jicho la pembeni, na nadhani alielewa mteja huyo ni nani, kwa sababu aliondoka bila kuaga kwa sauti.

Ndunge alifunga kibanda jua likiwa bado juu. Njiani alijipangia maneno. Angekiri kosa la kubonyeza, hilo lingetosha. Habari za pipa na siku thelathini zingemsaidia nani? Zingemuumiza mwenzake bure. Alitembea na wazo hilo hadi mlangoni kwa Khavere, likamfariji njia nzima.

Khavere alikuwa ameketi kwenye kigoda, akishona vifungo kwenye sweta za watoto. Alisogeza rundo la nguo, akampa nafasi.

"Karibu, Mama Kyule. Chai iko."

"Sitaki chai. Mama Vivian, ni mimi nilifuta nyimbo zako."

Sindano ikasimama. Ndunge akaeleza yote, swali la chanzo, kidole cha hasira, folda tupu, na uongo. Hakuficha lolote, na alipofika kwenye pipa mdomo ulipita pale alipokuwa amepanga kunyamaza. Alisema siku thelathini. Alisema Ijumaa iliyopita.

Khavere aliichomeka sindano kwenye sweta. Watoto wa ploti walipita mlangoni wakikimbizana, wakarudi, wakapita tena.

"Chanzo," akasema mwishowe. "Hata mtoto wa Vivian anaijua hiyo. Na mimi nilikuwa hapo kwa benchi."

"Ulikuwa hapo."

"Si ungeniuliza?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

Ndunge alitafuta jibu lingine lenye heshima, akalikosa. "Aibu ya kukuuliza wewe."

Khavere alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea bei aliyoishuku tangu mwanzo. "Na siku zote hizo thelathini zilikuwa ndani ya kompyuta yako. Nzima."

"Nzima."

"Siku nilisimama mbele ya kwaya zilikuwa hapo."

"Zilikuwa hapo, Mama Vivian. Nisamehe. Nimekukosea mara mbili, na ile ya pili ndiyo mbaya."

Khavere hakusema amesamehe wala hakusema hapana. Aliweka sweta chini, akamsogelea, na kwa mara ya kwanza siku hiyo macho yake yakawa na kitu kama tumaini, na hilo ndilo lililomtisha Ndunge kuliko matusi.

"Sikiliza. Miaka kumi na nane tumekaa ukuta huu mmoja. Nyimbo zote nilizitungia hapa, jikoni, na jikoni yako iko hapo nyuma. Mimi zikiingia kwa simu zinanitoka, lakini wewe ulikuwa unasikia. Lazima ulisikia." Mkwaruzo ulikuwa unakatika katika kila neno. "Niimbie moja. Hata mstari mmoja. Hata bila maneno. Nikipata mwanzo, nitaivuta iliyobaki."

Ndunge alifunga macho. Aliitafuta kwa bidii ambayo hakuwahi kutafutia kitu kingine maishani. Aliyasikia maji ya bomba, sufuria zikigongana, harufu ya omena ikikaangwa, na sauti kubwa safi ya mwanamke ikipanda upande wa pili wa ukuta. Alikumbuka vizuri jinsi ilivyopanda. Alikumbuka pia alichofanya kila ilipopanda: alinyoosha mkono na kuongeza sauti ya redio, ili asikose taarifa ya habari.

"Hata mmoja?" Khavere aliuliza.

"Hata mmoja," Ndunge akasema.